Chupa chini ya meko

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Suffolk, Uingereza, na mume wangu na watoto wawili. Mwaka huu tumenunua nyumba kuukuu ya miaka ya 1600 na kitu. Fundi alipobomoa ukuta wa pembeni mwa dohani alikuta kiatu cha mtoto, kimoja tu, kimekauka kama papa wa sokoni. Wiki iliyofuata, chini ya jiwe la meko, akatoa chupa ya udongo yenye sura ya mzee mwenye ndevu. Imezibwa, na ukiitikisa inalia ndani kama ina misumari. Fundi mwenyewe ni Mwingereza, akaipiga picha akacheka. Mimi sikucheka. Mama mkwe anasema kwa simu kwamba tumeuziwa nyumba yenye sihiri, vitu vichomwe na nyumba isomewe. Je, Waingereza nao walikuwa na waganga? Na hivi vitu tuvifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acheni kuitikisa hiyo chupa. Iwekeni mahali pakavu, isimame wima, watoto wasiifikie. Nitakwambia kilichomo, na ukishajua hutataka imwagike juu ya zulia.

Mama mkwe wako amepatia nusu. Vitu hivyo vinahusu uchawi, ndiyo, lakini aliyevificha alikuwa mtu anayemwogopa mchawi. Sisi watu wa pwani tuna neno lake, ingawa vijana hawalitumii sana siku hizi: fingo, kitu kinachofukiwa kizingitini au ndani ya nyumba ili ubaya ukija ukute njia imefungwa. Nyumba yenu ilizindikwa, tena mara mbili na kwa njia mbili zisizofanana. Ndiyo maana itabidi nivitenganishe.

Nianze na kiatu, maana maelezo yake ni mafupi. Northampton ni mji wa washona viatu tangu zamani, na makumbusho ya pale yana daftari la viatu vilivyokutwa vimefichwa majumbani. Lilianzishwa na June Swann, aliyekuwa mtunzaji wa viatu vya makumbusho hayo, katika miaka ya 1950, baada ya kuona kwamba watu wanaoleta viatu vya kale wanasimulia jambo moja: kilikuwa ukutani, kilikuwa dohani, kilikuwa chini ya sakafu. Kufikia mwaka 2012 daftari lilikuwa na taarifa kama 1,900. Vingi mno vinafanana na chenu: kimoja bila mwenziwe, kimevaliwa mpaka kikachoka, na mara nyingi ni cha mtoto. Tena viko pale pale ambapo nyumba ina tundu. Hebu fikiria dohani. Milango unaifunga kwa komeo, madirisha unayafunga, lakini dohani iko wazi usiku kucha kutoka mawinguni hadi miguuni pa kitanda.

Kwa nini kiatu? Wafichaji hawakuacha maandishi, kwa hiyo wasomi wamebaki kukisia. Wapo wanaomtaja John Schorn, kasisi wa kijiji cha North Marston huko Buckinghamshire aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 1300, ambaye watu walisema alimnasa shetani ndani ya buti. Mahujaji walikwenda kwa wingi kaburini kwake. Hadithi tamu, lakini sidhani kama kila fundi wa Suffolk aliijua. Mimi naegemea maelezo mepesi zaidi: kiatu ndicho vazi pekee linalobaki na umbo la mwenyewe hata akikivua. Ubaya unaotafuta mtu ukishuka dohani unakutana na mguu, unadhani umempata, unaishia hapo. Na kazi hiyo haikuhitaji mtaalamu. Mwenye nyumba au fundi aliweza kukiweka mwenyewe siku ya kujenga, akaendelea na kazi zake.

Chupa ni habari nyingine kabisa. Chupa inasema kwamba ndani ya nyumba yenu, siku moja, palikuwa na mgonjwa, na kuna mtu alitoka kwenda kuuliza.

Chupa za sura ya mzee mwenye ndevu zilitengenezwa Ujerumani kwa kubebea mvinyo na pombe, na zilijaa Uingereza katika karne ya 17. Mwaka 2004 moja ilifukuliwa Greenwich, London, ikiwa bado na kizibo chake, na mkemia Alan Massey akaichunguza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Mlikuwa na mkojo, wenye masalia yaliyoonyesha kwamba mwenyewe alikuwa mvuta tumbaku. Mlikuwa na misumari 12 ya chuma, pini 8 za shaba, nywele, vipande vya kucha, kiberiti cha unga, na kipande cha ngozi kilichokatwa umbo la moyo, kimechomwa msumari. Naomba uelewe sasa kwa nini nimesema isimame wima.

Mantiki yake ni hii. Mchawi akimroga mtu, amejifunga naye. Kamba ikishafungwa inavuta pande zote mbili. Kwa hiyo chukua mkojo wa mgonjwa, utie katika chupa yenye kitumbo kama kibofu, ongeza pini zilizopindwa na misumari, ziba sana, kisha pasha motoni au fukia chini ya meko penye joto la kila siku. Zile pini zitamchoma mchawi tumboni, na mkojo hautamtoka. Atateseka mpaka aje mwenyewe mlangoni kuomba, au aache, au afe. Kwa lugha yetu wangesema uchawi umemrudia mwenyewe.

Na ajabu ni kwamba kisa mashuhuri kuliko vyote cha dawa hii kilitokea huko huko Suffolk kwenu. Kilichapishwa mwaka 1681 katika kitabu cha marehemu Joseph Glanvill, kasisi aliyetaka kuwathibitishia wasomi wa London kwamba wachawi wapo kweli. Bibi mmoja alikuwa amedhoofika kwa ugonjwa usioeleweka. Akapita mzee mmoja, mtu wa kuzunguka vijijini, akamwambia mumewe: tia mkojo wa mkeo kwenye chupa pamoja na pini, sindano na misumari, zibeni, muiweke motoni. Mume akafanya. Chupa ilipopata moto kizibo kikaanza kucheza. Akakikandamiza kwa sepeto la majivu. Alipokiachia kidogo tu kikaruka kwa mlio wa bastola na kila kitu kikamwagika. Mke hakupona. Mzee akarudi, akasikiliza, akasema basi safari hii msiipashe, ifukieni. Wakaifukia, na mke akaanza kupata nafuu. Baada ya siku kadhaa akaja mwanamke kutoka mji wa mbali kidogo, analia, anasema mmemuua mume wangu. Wao hawakumjua mumewe. Ikaja kubainika, kwa mujibu wa msimulizi, kwamba mume yule alikuwa mchawi na ndiye aliyemroga bibi.

Sikusimulii ili uamini. Mtazame yule mzee mpita njia. Hana jina katika kisa, lakini ndiye anayejua dawa, ndiye anayerekebisha dozi ikishindikana, na ndiye anayeondoka kabla mambo hayajaharibika. Huyo ndiye mganga wao, na hilo ndilo swali lako la kwanza.

Waingereza walikuwa nao, tena wengi. Robert Burton, msomi wa Oxford, aliandika mwaka 1621 kwamba wapo katika kila kijiji. Waliitwa cunning man au cunning woman. Leo neno hilo lina maana ya mtu mwenye hila, lakini mzizi wake ni kitenzi cha kale cha kujua. Nasi tumefanya hivyo hivyo: kitenzi kimoja kimezaa mjuzi, ambaye tunamheshimu, na mjuaji, ambaye tunamkimbia. Wales walimwita dyn hysbys, mtu mwenye kujua. Cornwall wakamwita pellar.

Kazi zao ungezitambua bila mkalimani. Iliyowapa riziki kubwa ilikuwa kutafuta vitu vilivyoibwa, kwa sababu nchi haikuwa na polisi wa maana. London yenyewe ilipata kikosi chake mwaka 1829 tu. Njia moja ya kumbaini mwizi ilikuwa Biblia na ufunguo. Ufunguo unawekwa kwenye Zaburi ya 50, penye mstari unaotaja mwizi, Biblia inafungwa kwa uzi huku kichwa cha ufunguo kikitokeza, watu wawili wanakining'iniza kwenye ncha za vidole, na majina ya washukiwa yanatajwa moja moja. Likitajwa jina la mwizi, Biblia inazunguka. Kwa kweli kazi nusu ilikwisha kabla ya kufungua Biblia: habari zikishaenea kijijini kwamba mwenye mali amekwenda kwa mjuzi, kijiko cha fedha kilikuwa kinarudi usiku chenyewe, kimeachwa dirishani. Palikuwa pia na dawa za mapenzi, kutafuta hazina zilizofukiwa, nyota, na ng'ombe asiyetoa maziwa. Na juu ya yote, kuondoa uchawi. Mteja akifika alikuwa tayari ana jina la jirani moyoni. Mjuzi hodari hakulitamka. Alimwambia tazama kwenye kioo hiki, au katika maji haya, unamwona nani? Naye alimwona yule yule aliyetoka naye nyumbani.

Usiwadhanie kuwa watu wa porini. Wengi katika Uingereza walikuwa wanaume, wana kazi zao: washona viatu, wakulima, walimu wa shule. Wengine walikuwa makasisi. Richard Napier, kasisi wa Great Linford, aliyefariki mwaka 1634, alitibu kwa nyota, akawatolea damu wagonjwa, na akawapa wengine talasimu za madini za kuvaa shingoni. Kumbukumbu za wateja wake na za Simon Forman, mnajimu wa London aliyemfundisha, zina mashauri kama 80,000. Ukizisoma unakuta mjamzito anataka kujua mtoto, mfanyabiashara anauliza habari za meli, na mama anayeamini jirani kamtazama mwanawe kwa kijicho.

Maandishi ndiyo yaliyowapa hadhi. Mwanakijiji asiyejua kusoma aliona vitabu vikubwa rafuni na karatasi yenye majina ya malaika, zaburi, na neno abracadabra lililoandikwa likipungua herufi moja kila mstari mpaka libaki A peke yake. Karatasi inakunjwa, inashonwa kwenye kitambaa, inavaliwa. Hapo hata mimi sihitaji kukutafsiria. Wewe umekulia Tanga, hirizi unaijua. Kichekesho ni chanzo cha maandishi yale. Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana mmoja wa Kent, aliandika kitabu kinene kuonyesha kwamba uchawi ni upuuzi na waganga ni matapeli, na ili awaumbue akaweka humo maagizo yao yote, duara za kuitia pepo, michoro, maneno. Waganga wakakinunua. Toleo la mwaka 1665 likaongezewa maagizo zaidi. Kwa vizazi kadhaa kitabu cha kuwapinga kikawa ndicho kitabu chao cha kazi.

Wawili wa karne ya 19 nawapenda kwa sababu wanaonekana kwa ukaribu. Wa kwanza ni James Murrell wa Hadleigh, ile ya Essex, si Hadleigh ya Suffolk jirani yenu. Alikuwa mshona viatu, akafariki Desemba 1860. Alisema yeye ni mtoto wa saba wa mtoto wa saba. Chupa za udongo zilikuwa zikipasuka motoni, basi akamwendea mhunzi wa kijiji amtengenezee chupa za chuma. Umeona? Dawa ile ile ya Suffolk ya mwaka 1681, imeboreshwa na fundi chuma. Alipokufa aliacha sanduku lililojaa vitabu na barua za wateja. Wa pili ni ukoo wa Harries wa Cwrt-y-cadno huko Wales: John, aliyefariki 1839, na mwanawe Henry. Walikuwa matabibu na wanajimu, na karatasi zao zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales. Kati yake kuna fomu ya kumkumbusha mteja deni. Inaanza kwa adabu zote, kisha chini inasema kwamba asipolipa kufikia tarehe fulani, njia mbaya zitatumika. Wakili yeyote angeweza kuandika hivyo. Lakini ikiwa barua imetoka kwa mtu unayeamini anaamuru pepo, nadhani unalipa.

Sasa labda utauliza mbona hawakuchomwa moto. Mtandaoni utasoma kwamba wachawi walioteswa Ulaya walikuwa waganga wa mitishamba wasio na hatia, wafuasi wa dini ya kale. Hadithi hiyo inapendeza na si kweli. Waliohukumiwa kwa uchawi walikuwa hasa wanawake maskini waliogombana na majirani, na mara nyingi mjuzi ndiye aliyekuwa upande wa pili, akimthibitishia jirani kwamba karogwa. Wao walijiona Wakristo safi, wanaomba kwa jina la Baba na Mwana.

Sheria haikuwapenda hata hivyo. Ile ya mwaka 1542 iliweka kifo hata kwa kutafuta hazina kwa uganga, ikafutwa mwaka 1547. Ya mwaka 1604, chini ya Mfalme James, ilitoa mwaka mmoja jela kwa kutafuta vitu vilivyopotea au kufanya dawa ya mapenzi, na kifo kwa kosa la pili. Wahubiri walitaka zaidi. William Perkins wa Cambridge alisema mganga anastahili kufa kuliko mchawi, kwa sababu mchawi anaumiza mwili na watu wanamchukia, ilhali mganga anaponya mwili akaiba roho, na watu wanamshukuru. Hoja hii bado unaweza kuisikia katika mihadhara ya misikiti na makanisa kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Lakini mahakama hazikupata mashahidi. Nani atakwenda kumshtaki mtu aliyemrudishia ng'ombe wake? Wengi waliishia mahakama za kanisa, wakasimama mbele ya waumini wamevaa shuka jeupe, wakaomba msamaha, na kesho yake wateja walikuwa mlangoni.

Si wote waliopona. Ursula Kemp wa St Osyth, Essex, alitibu watu, akakosana na jirani aliyewahi kumtibia mtoto, akanyongwa mwaka 1582. Huko Scotland, ambako mkono wa sheria ulikuwa mzito zaidi, Bessie Dunlop wa Ayrshire alisema alifundishwa dawa na marehemu aitwaye Thom Reid, aliyekufa vitani mwaka 1547. Alihukumiwa na kuchomwa mwaka 1576. Uganga ulikuwa uzi mwembamba: mgonjwa akipona wewe ni mjuzi, akifa wewe ulijua mno.

Mwaka 1736 ikaja sheria mpya iliyogeuza mambo. Bunge likasema kosa la kuroga halipo tena. Lililobaki ni kosa la kujifanya una uwezo huo, adhabu mwaka mmoja jela na kusimamishwa hadharani mara moja kila miezi mitatu. Mchawi akatoka katika vitabu vya sheria, mganga akabaki, sasa kama tapeli. Hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi. Serikali ya kikoloni ilipoandika sheria ya uchawi ya Kenya mwaka 1925 na ya Tanganyika mwaka 1928, ilibeba fikra ile ile ya mwaka 1736: mtu anayejidai ana nguvu, anayejifanya. Wazee wetu walishangaa. Walikwenda kwa afisa wa wilaya kumshtaki mchawi, wakaambiwa uchawi haupo, kisha wakaona mganga aliyewasaidia ndiye anayetiwa ndani. Waingereza walifuta sheria yao ya 1736 mwaka 1951. Zile zetu zimedumu kuliko mama yao.

Nimesema mambo mazuri ya wajuzi, lakini kuna kisa cha karibu nanyi ambacho kinanikatisha hamu ya kuwapamba. Mwaka 1863, Sible Hedingham, kaskazini mwa Essex, aliishi mzee bubu na kiziwi, umri kama miaka 80, aliyepiga ramli kwa ishara za mikono. Watu walimwita tu Dummy, maana yake bubu. Mwanamke mmoja, Emma Smith, aliamini mzee huyo kamroga kwa sababu yeye Emma alimnyima malazi. Akamkuta kilabuni, akamsihi aje amwondolee, akamwahidi pesa. Mzee akawa anaonyesha kwa vidole kwamba anaogopa kukatwa koo. Usiku ule Emma na mtu aitwaye Samuel Stammers wakamtupa mzee kijitoni, huku umati ukitazama. Mzee akafa wiki chache baadaye. Wawili hao walipata kifungo cha miezi sita na kazi ngumu. Hiyo ni miaka 127 baada ya bunge kusema uchawi haupo. Aliyeaminiwa kuwa anaweza kufungua, aliaminiwa pia kuwa anaweza kufunga.

Na usidhani jambo hili lilikuwa la mashamba ya mbali tu. Mwaka 1872, karibu na Wellington huko Somerset, wanywaji walikuwa wameketi kando ya moto katika kilabu kimoja. Upepo ukavuma dohani, vikaanguka vitunguu vilivyochomwa pini, vimefungiwa karatasi zenye majina ya watu. Jina moja lilikuwa la Joseph Hoyland Fox, mtu aliyejulikana kwa kupiga vita ulevi. Kitunguu kikikauka kwa moshi, naye akauke. Vikafika mikononi mwa E. B. Tylor, mkazi wa mji huo huo, ambaye mwaka mmoja tu kabla alikuwa amechapisha kitabu kilichomfanya baba wa taaluma ya anthropolojia ya Kiingereza, kinachoeleza uganga kama masalio ya hatua za chini za binadamu. Kitunguu kimoja kipo makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mkifika huko kitazameni. Kwangu mimi kinashinda vitabu vingi.

Kwa kuwa nyumba yenu imeshatoa viwili, tafuteni na vingine. Shika tochi uimulike mihimili ya dohani na ya milango kwa pembeni, si kwa mbele. Angalia duara lenye ua la petali sita lililochorwa kwa bikari, au herufi VV, ambazo wengi huzisoma kama kumwomba Bikira Maria, au alama za kuungua zenye umbo la tone la machozi zilizopigwa kwa makusudi na mshumaa. Katika kasri la Knole, Kent, wachunguzi walizikuta chini ya sakafu ya chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya Mfalme James, kwenye mbao za mwaka 1606, miezi michache baada ya njama ya kumlipua kwa baruti. Zizini mnaweza kukuta jiwe lenye tundu la asili limetungwa kwenye kamba. Lilizuia farasi wasipandwe usiku na wachawi wakaamka wametota jasho. Paka aliyekauka pia hupatikana ukutani. Msipige kelele.

Sasa cha kufanya. Pigeni picha mahali vilipotoka, mkiwa na kitu cha kupimia ukubwa, kabla fundi hajaziba. Kiatu msikioshe wala msikipake mafuta. Kifungeni katika karatasi isiyo na asidi na muwaandikie makumbusho ya Northampton kiingizwe daftarini. Hawatakidai, ni chenu. Chupa muonyesheni afisa wa mambo ya kale wa mkoa. Kila sehemu ya Uingereza na Wales ina mmoja anayepokea taarifa za vitu vilivyookotwa na raia. Kama nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa, na ya umri huo huenda imo, ulizeni halmashauri kabla ya kugusa mihimili. Wenye nyumba wengi, baada ya kupiga picha na kuandikisha, huvirudisha vitu pale pale. Sababu huwa hawazitaji.

Kuhusu mama mkwe, mpe heshima yake. Nyumba isomeeni, nyumba mpya inaombewa, kurogwa au kutorogwa. Ila mwambie asichome chochote. Kuchoma chupa yenye kizibo ndiko kulikomtia yule bwana wa Suffolk taabuni, na mvuke haujui historia.

Wala msiifungue. Pale pale Pitt Rivers kuna kichupa kidogo cha kioo cha rangi ya fedha, kilitoka kwa bibi kizee mmoja karibu na Hove, Sussex, kikaletwa na mwanazuoni Margaret Murray. Bibi alimwambia kwamba wanasema ndani yumo mchawi, na ukimtoa utapata balaa. Ni makumbusho ya chuo kikuu, wana maabara na mashine za kila aina. Kizibo wamekiacha.